Marehemu yuko wapi sasa? Makanisa yetu yakiwekwa bega kwa bega

Katika ukoo mmoja wa Upareni, Kisii au Bukoba si ajabu kukuta Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na mlokole wakila sinia moja. Tofauti zao husinzia mpaka siku ya msiba. Siku hiyo padri atasema tumwombee mama ili Mungu amtakase madoa yaliyobaki. Mjomba, ambaye ni mchungaji wa Kipentekoste, atashika kipaza sauti na kutangaza kwamba mama saa hizi anaimba mbele ya kiti cha enzi. Shangazi Msabato hatapinga hadharani, lakini jioni kwenye mkeka atawaambia wajukuu kwamba bibi yao amelala tu, hasikii vilio wala nyimbo. Wote watatu wameshika Biblia, na watoto wa marehemu wanalala na majibu matatu.

Nimeandika haya kwa ajili ya anayelazimika kuchagua: wachumba wa madhehebu mawili, mfiwa ambaye mahubiri ya kanisa lake hayamtoshi tena, na familia inayopanga maziko huku kila upande ukivuta kwake. Mimi ni Mlutheri wa kawaida, wa kukaa benchi la nyuma, kwa hiyo msomaji ajue natazama kutoka upande gani.

Watu wengi huanza kwa kuuliza nani ataingia mbinguni. Swali hilo halitenganishi makanisa kama inavyodhaniwa, kwa sababu karibu wote watakujibu kwamba ni kwa neema ya Kristo, na kwamba mwisho Mungu ndiye anayejua. Linalotenganisha ni hili: huyu tuliyemzika jana, sasa hivi anajua kitu au hajui? Ukishapata jibu la kanisa kuhusu hilo, mengine karibu yote yatajipanga yenyewe.

Yuko macho au amelala?

Kanisa Katoliki linasema yuko macho. Roho ikitengana na mwili inahukumiwa papo hapo, hukumu ya mtu mmoja mmoja, na inakwenda mbinguni, toharani au jehanamu. Mwili unabaki kungoja ufufuo na hukumu ya mwisho. Leo fundisho hilo linasomwa kwa utulivu kwenye Katekisimu, lakini lilipitia mtikisiko mkubwa. Kuanzia mwaka 1331 Papa Yohane XXII, akiwa Avignon, alihubiri kwamba hata roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho. Wanateolojia wa Paris walimjia juu, na papa aliyakana mafundisho yake akiwa kitandani, karibu na kufa kwake Desemba 1334. Mrithi wake, Benedikto XII, alifunga mjadala mwaka 1336 kwa waraka uitwao Benedictus Deus: waliotakasika wanamwona Mungu sasa, hawangoji. Kwa hiyo mtu anayesumbuliwa na swali hili asijione mchache wa imani. Liliwahi kumsumbua papa mzima.

Walokole, Wabaptisti, waumini wa Africa Inland Church na Wapentekoste wengi wanakubaliana na Wakatoliki kwamba roho iko macho, ila wanaiondoa toharani. Njia ni mbili tu, na safari haina kituo cha kati. Aya wanazozishika ni Wafilipi 1:23, pale Paulo anapotamani kwenda zake akae na Kristo, na maneno ya Yesu kwa yule mwizi msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Sisi Walutheri na Waanglikana kwa karatasi tuko hapo hapo, lakini kwa moyo tunayumba kidogo. Luther mwenyewe mara nyingi alizungumzia kifo kama usingizi wa muumini mpaka Kristo amwamshe. Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa Kiprotestanti, aliliona wazo la roho kulala kuwa la hatari kiasi kwamba andiko lake la kwanza la teolojia, aliloliandika mwaka 1534 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, lilikuwa la kulipinga. Ndiyo maana katika ibada ya Kilutheri unaweza kusikia "amelala katika Bwana" na "yuko na Bwana" kwenye mahubiri yale yale, na hakuna anayeshtuka.

Waadventista Wasabato hawayumbi. Kwao mtu hana roho inayoweza kutoka na kuishi peke yake. Mtu ni mavumbi na pumzi ya uhai, kama Mwanzo 2:7 inavyosema, na pumzi ikiondoka hakuna anayebaki akifikiri. Mhubiri 9:5 wanaijua kwa moyo: "kwa sababu walio hai wanajua ya kwamba watakufa, lakini wafu hawajui neno lo lote." Wanaongeza Yohana 11, Yesu akisema Lazaro amelala, na wanauliza swali zuri: kama Lazaro alikuwa mbinguni siku nne, mbona hakusimulia chochote? Fundisho hili liliingia katika kundi lao kupitia wahubiri wa Marekani wa miaka ya 1840, George Storrs akiwa mmojawapo, kipindi kile cha kungojea marejeo ya Kristo ambayo hayakutokea tarehe 22 Oktoba 1844. Kanisa lilipoundwa rasmi mwaka 1863 lilikuwa tayari nalo, na lilikuja nalo Upareni mwaka 1903 na Gendia, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwaka 1906. Kwa hiyo watoto wa Kipare na wa Kijaluo wamekua na fundisho hili kwa zaidi ya karne moja. Si jambo lililoletwa juzi na vipeperushi.

Mashahidi wa Yehova wanasema karibu sawa na Wasabato juu ya hali ya wafu, ingawa wanaachana mbali wakifika mbinguni, kama tutakavyoona. Nitaje pia kwamba makanisa mengine kwa kawaida hayawahesabu kuwa Wakristo kwa sababu wanaukataa Utatu, nao kwa upande wao hawashiriki ibada na makanisa hayo. Kwenye msiba jambo hilo lina uzito wake.

Nani ana hoja yenye nguvu? Kuhesabu aya hakukufikishi popote, kila upande una zake. Nafuu umwulize kila mwalimu juu ya aya inayomkera. Mwulize Msabato juu ya tajiri na Lazaro katika Luka 16, wanaozungumza wakiwa wamekufa. Atakuambia ni mfano, si ripoti. Mwulize juu ya mwizi msalabani. Atakuambia maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na mkato, kwa hiyo "leo" inaweza kuungana na "nakuambia". Hoja ya kwanza naiona ina uzito. Ya pili naiona ya kujikaza, maana Yesu anasema "amin, nakuambia" mara nyingi katika Injili na hana desturi ya kutaja siku anayosemea. Kisha mgeukie mlokole, mwulize: kama mama ameshafika na ameshapata thawabu, ufufuo ni wa nini? Kwa nini Paulo, akiwafariji wafiwa wa Thesalonike, hakusema kamwe kwamba ndugu zao wako mbinguni wanawatazama, bali alisema watafufuka na tutakuwa pamoja na Bwana? Mahubiri mengi ya mazishi nchini kwetu yamemsahau Paulo kabisa hapa. Ukisikiliza hotuba kumi za msibani, utasikia "ametangulia mbinguni" zote kumi, na ufufuo wa mwili, ambao makanisa mengi yanaukiri kwenye Imani ya Mitume, utausikia pale tu mchungaji anapotupa udongo.

Naweza kumfanyia nini?

Hapa ndipo uchaguzi unapouma, kwa sababu unagusa mikono yako na si mawazo tu.

Mkatoliki anaweza kufanya kitu. Anaweza kupeleka nia ya misa, kusali rozari, kutoa sadaka, kufunga. Toharani kadiri ya fundisho si jehanamu ndogo. Ni utakaso wa waliokwisha kuokoka, na hakuna anayeingia huko kisha akapotea. Mtaguso wa Florence mwaka 1439 na ule wa Trento mwaka 1563 uliweka wazi kwamba roho hizo zinasaidiwa na maombi ya walio hai. Andiko linaloshikwa ni 2 Wamakabayo 12, pale Yuda Makabayo anapochanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Kikatoliki yenye vitabu 73, hakimo katika ile ya vitabu 66. Ndiyo maana mabishano kati ya shemeji wawili juu ya toharani huwa hayaishi: wanafungua Biblia mbili tofauti.

Tarehe 2 Novemba ni siku ya Marehemu Wote, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 mwezi huo Mkatoliki anayetembelea makaburi na kuwaombea wafu, akitimiza masharti ya kawaida ya kuungama na kukomunika, anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Kuhusu sadaka ya misa, watu wananung'unika sana, wakisema maskini anabaki toharani kwa kukosa hela. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kinyume: kanuni ya 945 inawahimiza mapadri kuadhimisha misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka yoyote, na kanuni ya 947 inakataza hata harufu ya biashara. Ukiambiwa vingine parokiani, taja namba hizo kwa upole.

Uchungu wa Waprotestanti unatokana na biashara hiyo hiyo. Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, kilichomchoma kilikuwa vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa ahadi ya kuwatoa wafu toharani. Baadaye aliitupilia mbali toharani yenyewe. Lakini wengi wetu Walutheri hatujui kwamba Utetezi wa Ungamo la Augsburg, ambao ni sehemu ya maungamo yetu, unasema waziwazi kwamba hatukatazi kuwaombea wafu. Kinachokataliwa ni misa kutolewa kama malipo kwa ajili yao. Katika ibada zetu tunamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kumkabidhi mikononi mwake. Mjane akiendelea kumtaja mumewe katika sala zake za usiku, sioni andiko wala ungamo linalonipa haki ya kumnyamazisha.

Waanglikana ni wawili ndani ya kanisa moja, na hili linawachanganya watu wanaohama mkoa. Unguja, Masasi na Magila kule Muheza kulilelewa na wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lenye mkondo wa Kikatoliki: ubani, misa, na maombi kwa ajili ya marehemu. Dodoma na Mpwapwa, pamoja na sehemu kubwa ya Kenya na Uganda, kulilelewa na CMS, shirika lingine la Kianglikana, la mkondo wa kiinjili, linaloishika Ibara ya 22 ya zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana, inayoiita toharani kitu cha kubuni kisicho na msingi katika Maandiko. Kwa hiyo Mwanglikana wa Masasi aliyeolewa Dodoma anaweza kujiona mgeni kanisani kwake mwenyewe pindi anapofiwa.

Waorthodoksi, ambao tunao Kenya, Uganda na upande wa Bukoba, huwaombea wafu kwa bidii kuliko wote, siku ya tatu, ya tisa, ya arobaini na baada ya mwaka, wakiwa na ngano iliyochemshwa. Hawaikubali toharani ya Kilatini, na hawaoni haja ya kueleza maombi hayo yanafanyaje kazi. Kwa Mwafrika aliyezoea arobaini, kanisa hili halihitaji maelezo marefu.

Wapentekoste, Wasabato na Mashahidi: hapana. "Na kama vile watu wanavyowekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu," Waebrania 9:27, na hapo mlango umefungwa. Kazi iliyobaki ni kwa walio hai, ndiyo maana mlokole huhubiri wokovu mbele ya jeneza na kuita watu watubu pale pale makaburini. Wengine hukwazika. Ukiyaelewa mafundisho yake utaona hana namna nyingine ya kuonyesha upendo siku ile.

Maoni yangu baada ya kukaa kwenye misiba ya pande zote ni haya. Ukatoliki unampa mfiwa kazi ya kufanya, na kazi hiyo inaponya. Ulokole unampa uhakika, mradi marehemu alikuwa ameokoka. Asipokuwa ameokoka, kinachobaki ni ukimya mzito ambao hakuna anayejua auvunje vipi. Usabato unampa mfiwa pumziko: hakuna anayeteseka sasa, hakuna anayekutazama, hakuna anayekudai.

Mtoto mchanga, aliyejiua, na "yule hakuwa anasali"

Kanisa linapimwa hapa kuliko kwenye mazishi ya mzee wa kanisa mwenye miaka tisini.

Kwa mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo, Wakatoliki wa zamani walifundishwa habari za limbo, mahali pasipo mateso lakini nje ya mbingu. Halikuwa fundisho rasmi la lazima, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikano ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Askofu pia anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Mama mwenye msiba kama huo aulize hilo moja kwa moja. Wapo ambao hawakuambiwa. Wapentekoste na Wabaptisti, ambao hawabatizi watoto, hawana tatizo hapa: mtoto ambaye hajafikia umri wa kujitambua yuko na Bwana, na wanamnukuu Daudi aliyefiwa na mwanawe akisema yeye ndiye atakayemwendea. Kwa Wasabato, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, alifundisha kwamba siku ya ufufuo malaika watawabeba watoto wachanga na kuwarudisha mikononi mwa mama zao. Nimeona mama akilia kwa faraja alipoambiwa hivyo, na sijui mahubiri mengine yenye picha iliyo wazi namna ile.

Kwa aliyejiua, bado kuna vijiji vinavyoamini kwamba Kanisa Katoliki halimziki. Sheria ya mwaka 1917 ilimnyima kweli mazishi aliyejiua kwa kukusudia. Ile ya 1983 iliondoa marufuku hiyo, na Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua yeye za kuwapa nafasi ya kutubu. Uprotestanti wetu wa vijijini mara nyingi ni mgumu zaidi kuliko Roma kwenye jambo hili, tena bila andiko lolote la kuonyesha.

Aliyekuwa hahudhurii jumuiya, hakutoa sadaka, au aliishi na mke bila ndoa: hapa mabishano si ya teolojia tena. Ni ya nidhamu na daftari. Tofauti ya usharika na usharika, parokia na parokia, ni kubwa kuliko ya dhehebu na dhehebu. Usichague dini kwa sababu ya mzee mmoja wa kanisa mwenye roho ngumu.

Ndoto, mizimu na marehemu anayerudi

Wazungu wakilinganisha madhehebu huliruka hili. Sisi hatuwezi. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti aliwaita marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina "wafu walio hai", na yeyote aliyewahi kumwona mama anamwaga pombe au uji chini kabla ya kula anajua alichomaanisha.

Msabato na Shahidi wa Yehova wana jibu kali na rahisi: marehemu hajui chochote, kwa hiyo aliyekutokea ndotoni akidai mbuzi si yeye. Ni ndoto ya kawaida au ni pepo anayejifanya. Kwa familia inayotafunwa na woga wa mizimu, fundisho hili ni ukombozi wa kweli, na nadhani ni sababu mojawapo ya Usabato kushika mizizi Kisii na Upareni. Mpentekoste anafika pale pale kwa njia nyingine: roho iko mbinguni au kuzimu, hairuhusiwi kutembea, kwa hiyo anayetembea akemewe. Mkatoliki ana nafasi pana zaidi. Wafu wako hai katika Mungu, watakatifu wanatuombea, unaweza kumwomba Mt. Karoli Lwanga akuombee. Ila kumwita marehemu aje aseme, kama Sauli alivyofanya kule Endori, ni marufuku. Upana huo ni mzuri, lakini una mpaka mwembamba, na wapo wanaouvuka kila mwaka wakidhani wanafanya kumbukumbu tu.

Mbinguni kwenyewe

Watu huchukulia kwamba wote wanaota mahali pamoja. Sivyo.

Mkatoliki akiulizwa kiini cha mbingu atajibu: kumwona Mungu uso kwa uso. Majumba na dhahabu ni lugha ya picha. Mpentekoste wa kawaida anaona ratiba kamili: unyakuo, dhiki kuu ya miaka saba, Kristo kutawala duniani miaka elfu, kisha hukumu. Ratiba hiyo ilipangwa hivyo na Mwingereza John Nelson Darby katika miaka ya 1830 na kuenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909; Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri hawaifundishi. Msabato naye ana miaka elfu, lakini anaigeuza: waliofufuliwa wako mbinguni, dunia iko tupu na Shetani amefungwa humo. Baada ya hapo mji unashuka, waovu wanateketezwa wakawa majivu, na dunia inaumbwa upya kuwa makao ya milele. Hakuna moto usiokwisha. Kwa mtu ambaye jehanamu ya milele inamfanya ashindwe kumpenda Mungu, tofauti hii inaweza kuwa ndiyo inayoamua.

Kwa Mashahidi, mbinguni wanakwenda watu 144,000 tu wa Ufunuo 14, watawale pamoja na Kristo. Wengine wote waaminifu wataishi milele katika paradiso hapa hapa duniani, kwa Zaburi 37:29. Tangu hotuba ya kiongozi wao J. F. Rutherford mjini Washington mwaka 1935, "umati mkubwa" wa Ufunuo 7 umefundishwa kuwa wa duniani, na ndiyo maana kwenye Ukumbusho wao wa kila mwaka wa kifo cha Yesu sahani ya mkate inapita mikononi mwa mamia bila mtu kula. Anayefikiria kujiunga nao ajue kwamba, kwa uwezekano mkubwa, hawatamwahidi mbingu kabisa. Wamormoni, ambao mwaka 2019 waliweka wakfu hekalu Kinshasa, wao wanafundisha ngazi tatu za utukufu na ndoa inayofungwa kwa umilele.

Ndoa hiyo inagusa swali ambalo wajane huniuliza kuliko lolote: je, nitamkuta mume wangu? Makanisa mengine karibu yote yanaishia kwa Mathayo 22:30, kwamba katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi. Kutambuana, ndiyo, wengi wanafundisha hivyo. Kuendelea kuwa mke na mume, hapana. Mjane aliyeolewa mara mbili hupumua.

Kama mnapanga maziko wiki hii

Angalieni siku kwanza. Jumamosi ndiyo siku ya maziko inayopendwa Kenya magharibi na mijini Tanzania kwa sababu watu hawako kazini, lakini Wasabato kwa kawaida hawaziki siku ya Sabato. Marehemu akiwa Msabato, msitangaze tarehe kabla ya kuongea na mchungaji wake.

Ibada ifuate kanisa la marehemu, si la mtoto mwenye fedha. Hiyo ndiyo kanuni pekee ambayo sijaona ikivunja ukoo. Wa madhehebu mengine wapewe nafasi ya salamu za rambirambi, na waambiwe mapema, na mwenyekiti wa kamati mwenyewe, kwamba salamu si mahubiri. Msimlazimishe Msabato kuitikia sala ya kuombea roho ya marehemu wala msimkasirikie Shahidi anayesimama nje wakati wa misa. Wamekuja.

Kuchoma mwili hakumzuii Mungu kufufua, kwa kanisa lolote kati ya haya. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa Anglikana la Kenya alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2005, kama mkewe kabla yake, na mjadala ulikuwa mkali wa kimila kuliko wa kidini. Roma iliruhusu mwaka 1963, na mwaka 2016 ikasisitiza majivu yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe wala kutunzwa kabatini.

Wachumba wa madhehebu mawili wana muda ambao familia iliyofiwa haina. Ulizaneni kabla ya kupeleka barua ya posa: nikitangulia mimi, utaniombea misa au utaniacha nimelala? Watoto wakiuliza baba yuko wapi, utawaambia nini, na je, nitakuwa nimekubali jibu hilo? Mkishindwa kukubaliana, basi angalau andikeni kila mmoja anataka azikwe na kanisa gani, muitie sahihi, na nakala mwape watu wawili wa pande zote mbili wanaoaminika na ukoo.